Ludoviko wa Mrumbi: Mfalme Mtakatifu Ng'ambo ya Kabwe

Boti zinazotoka Kabwe, wilayani Nkasi, kwenda Kongo hukata Ziwa Tanganyika kuelekea Moba. Huko, nyuma ya mwambao, ndiko Kapteni Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikoweka kijiji cha Saint-Louis de Mrumbi. Kijiji kilipewa jina la Louis IX, mfalme wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1270, ambaye kalenda zetu humwita Mtakatifu Ludoviko na kumwadhimisha tarehe 25 Agosti. Joubert naye alikuwa na Louis katika majina yake, kwa hiyo mtu anaweza kusema alimheshimu tu somo wake. Mimi nadhani jina lile lilibeba mengi zaidi. Lilikuwa na siasa ndani yake, na siasa hiyo ilimfunika Ludoviko mwingine, yule ambaye maskini wa Ufaransa walimwendea kaburini.

Kiungo kati ya mfalme huyo na Ziwa Tanganyika ni Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika. Ludoviko alifia nje ya Tunis, katika vita vyake vya pili vya msalaba, na mwaka 1841 Wafaransa walimjengea kikanisa Karthago. Mwaka 1875 Lavigerie alikabidhiwa mahali hapo, na mwaka 1890 kanisa kuu la Mtakatifu Louis likakamilika. Kwa Lavigerie, mfalme aliyefia Afrika akiwa amevaa alama ya msalaba alikuwa hoja iliyo tayari. Alipohubiri dhidi ya biashara ya utumwa mwaka 1888 aliwaita vijana Wakristo wa Ulaya washike silaha, na aliota ufalme wa Kikristo katikati ya bara. Ngome ya Karema, upande huu wa ziwa, iliyojengwa na watu wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, mwaka 1879, iliangukia mikononi mwa mapadre wa Lavigerie mwaka 1885 pamoja na kituo cha Mpala, ng'ambo. Joubert alikwenda kukaa Mpala mwaka 1887. Aliwapa watu silaha, akapigana na wafanyabiashara wa watumwa, akaoa mwanamke wa huko, na hakurudi tena kwao hadi kifo chake mwaka 1927. Ukimweka mtu wa namna hiyo chini ya ulinzi wa mfalme wa vita vya msalaba, kila risasi yake inapata baraka kabla haijafyatuliwa.

Sisemi kwamba vita vile havikuwa na sababu. Utumwa ulikuwa unamaliza vijiji vya pande zote mbili za ziwa. Ila mtakatifu aliyechaguliwa alikuja na mzigo wake. Ludoviko alishindwa Misri na kutekwa mwaka 1250. Katika utawala wake vitabu vya Talmud vilichomwa hadharani Paris, na mwaka 1269 aliwaamuru Wayahudi wavae alama ya kuwatenga. Hata kutangazwa kwake mtakatifu mwaka 1297 kulikuwa na harufu ya ikulu: Papa Bonifasi VIII alikuwa amegombana na mjukuu wa marehemu, Philippe IV, juu ya kodi za makleri, na heshima kwa babu ilisaidia kumtuliza mjukuu.

Lakini Papa hakuanza na karatasi tupu. Miaka ya 1282 na 1283 mashahidi walisikilizwa Saint-Denis, ilikozikwa mifupa ya mfalme, na kutokana na ushahidi huo Guillaume de Saint-Pathus aliandika miujiza 65. Wanaojaa humo ni watu wadogo: vilema, vipofu, wajakazi, watoto wagonjwa. Kwao, aliyelala pale alikuwa mganga. Wala hawakubuni tu, maana alipokuwa hai aliwalisha maskini mezani pake na kuanzisha Paris nyumba ya vipofu 300. Tunisia nayo ilimvuta kwake kwa njia yake: hekaya ya huko husema hakufa, bali alisilimu na ndiye walii Sidi Bou Said. Wanahistoria hutabasamu, lakini hekaya hiyo inaonyesha jinsi heshima ya mtakatifu inavyotengenezwa na wenye haja naye, wala mwenye kaburi haulizwi.

Kwa hiyo twaweza kuuliza ni nani, kwenye mwambao huu, aliyefanya kazi ambayo wagonjwa wa Saint-Denis walimtafutia Ludoviko. Jibu langu ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Alitibu watu na kufundisha dini hapo hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Mtumwa wa zamani alikaa miaka 67 akiwaponya watu ambao Joubert alikuwa ameitwa kuwalinda kwa bunduki. Mpango wa ufalme wa Kikristo ulimezwa upesi na dola ya Kongo ya Leopold, na kanisa kuu la Karthago likaacha kuwa la ibada baada ya mapatano ya Vatikani na Tunisia ya mwaka 1964. Mwanahistoria wa heshima kwa watakatifu katika nchi hii angeanzia kwa wagonjwa wa Karema, kama wale makarani wa Saint-Denis walivyoanza kwa kumwita shahidi mmoja mmoja na kumuuliza aliumwa nini, tangu lini, na nani alimwona akipona.