Michezo ya bunduki kwenye kioo: ilitoka wapi, na ndani yake waliondoa nini?



Leo tunashika jambo ambalo wazazi wengi wanauliza. Mtoto amekimbia bunduki kule kijijini, amefika mjini, na sasa anatafuta franka kidogo ili alipe apate kushika bunduki nyingine, ile ya kwenye kioo cha televisheni au cha simu. Wengine wanasema ni mchezo tu, mwacheni. Wengine wanasema ni shule ya uasi. Mbele ya kukata neno, tujue kwanza kitu hicho kilizaliwa wapi, nani walikitengeneza, na ndani yake waliweka nini na kuondoa nini. Mimi nilisomea sheria, na katika sheria hatumhukumu mshitakiwa tusiyemsikia.

Tunasema juu ya michezo ya video ambamo unaona dunia kwa macho ya mwenye kupiga risasi. Yeye mwenyewe humuoni. Chini ya kioo unaona mkono na bunduki, mbele yako kuna njia au nyumba, na karibu kila kitu kinachotembea ni adui.

Mchezo wa kwanza wa namna hiyo ulianza Marekani, huko California, kati ya mwaka 1973 na 1974, katika kituo cha utafiti cha Ames, ambacho ni cha NASA, shirika la serikali linalorusha vyombo angani. Waliouanzisha ni vijana waliokuwa pale kwa kazi ya mafunzo: Steve Colley, Greg Thompson na Howard Palmer. Waliuita Maze War, maana yake vita ndani ya njia za kupotezana. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kuchora mtu, basi kila mchezaji alionekana kwa mwenzake kama jicho kubwa linalotembea. Jicho tu, hakuna mwili, hakuna damu.

Jeshi halikukawia kubisha hodi. Mwaka 1980 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa kifaru cha vita ulioitwa Battlezone. Watu wa jeshi la Marekani waliuona, wakaomba watengenezewe wa kwao wa kufundishia askari. Mwenye kuubuni, Ed Rotberg, hakupendezwa hata kidogo kuona kazi yake inageuzwa chombo cha jeshi. Aliifanya kwa shingo upande, akapewa ahadi kwamba hataombwa tena kazi ya namna hiyo. Mashine hiyo haikuenea, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Mwaka 1981 mtu mmoja, Silas Warner, alitoa mchezo ulioitwa Castle Wolfenstein. Ulionekana kwa juu, kama mtu anayetazama uwanja kutoka kilimani. Mchezaji ni mfungwa anayetaka kutoroka ngome ya Wanazi wa Ujerumani. Katika mchezo huo, ukimwelekezea mlinzi bunduki, aliweza kuinua mikono. Anajitoa. Unampekua, unachukua funguo au risasi zake, unaenda zako. Hukulazimishwa kumuua.

Miaka 11 nyuma yake, tarehe 5 Mei 1992, kampuni ndogo ya vijana wa Marekani, id Software, ilitoa mchezo mpya kwa jina lilelile: Wolfenstein 3D. Mara hii unaona kwa macho ya mfungwa. Watengenezaji, akina John Carmack, John Romero na Tom Hall, kwanza walikuwa wamefikiri kuweka tena mambo ya zamani, kama kupekua maiti na kuzikokota ili zisionekane. Wakajaribu, wakaona yanapunguza mwendo. Wakayaondoa. Adui wa mwaka 1992 hainui tena mikono. Anapiga au anapigwa, basi. Na katika mchezo huo kuna uso unaoonyesha maumivu, umechorwa chini katikati ya kioo, unavuja damu kadiri unavyopata majeraha. Ni uso wa mchezaji mwenyewe.

Sisemi kwamba vijana wale walikuwa na nia mbaya. Walitaka kasi, na kasi inauzika. Lakini mutaona kwamba kitu kilichotupwa kwa ajili ya kasi ndicho kile ambacho sheria ya vita inakilinda kuliko vyote: mtu aliyejitoa.

Tarehe 10 Desemba 1993 wakatoa Doom. Sehemu ya kwanza walimpa kila mtu bure, aigawe kwa wenzake apendavyo. Aliyetaka zilizobaki alilipa. Watu wanne waliweza kushindana kwa kompyuta zilizounganishwa kwa waya. Na mchezaji aliruhusiwa kubadilisha ramani, adui na sauti, akajitengenezea mchezo wake. Ndivyo ulivyoenea haraka hivyo. Nyuma yake ikafuata mingine mingi: Quake mwaka 1996, GoldenEye 007 mwaka 1997, Half-Life mwaka 1998, Counter-Strike iliyoanzwa na wachezaji wawili wenyewe mwaka 1999, Halo mwaka 2001, Call of Duty mwaka 2003. Sitaieleza mmoja mmoja. Picha zilizidi kuwa za kweli, lakini mkono na bunduki vilibaki palepale.

Jeshi nalo likarudi. Mwaka 1996 askari wa Marine wa Marekani walichukua Doom, wakaondoa mashetani yake, wakaweka askari na mahandaki, wakafundishia kundi la watu wanne kusaidiana. Halafu, mwezi wa Julai 2002, jeshi la nchi kavu likatoa mchezo wake lenyewe, America's Army, bure kwa kila mtu, na kusudi lake lilikuwa wazi: kuvutia vijana waandikishwe. Ulidumu mpaka mwaka 2022. Basi mzazi anayehofu kwamba mchezo unaweza kuwa mwito wa jeshini hajaota ndoto. Kuna serikali iliyolipa pesa ili uwe hivyo.

Lakini je, mchezo unamfanya mtoto kuwa muuaji? Swali hili liliwaka tarehe 20 Aprili 1999, wakati vijana wawili walipowaua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja katika shule ya Columbine, Colorado. Walikuwa wachezaji wa Doom. Familia nyingine zilishitaki kampuni za michezo, tribinali zikakataa madai hayo. Jimbo la California likatunga sheria mwaka 2005 ya kukataza kuwauzia watoto michezo yenye ukali mwingi. Tarehe 27 Juni 2011 Korti Kuu ya Marekani iliifuta, waamuzi 7 kwa 2, ikisema michezo inalindwa na uhuru wa kusema kama vitabu vinavyolindwa, na kwamba serikali haikuleta ushuhuda kwamba michezo ndiyo inayosababisha watoto kutenda ukali. Wasomi wa saikolojia wa Marekani, katika chama chao kikubwa, walisema mwaka 2020 kwamba kuna uhusiano mdogo kati ya michezo hiyo na hasira, kama kufokeana na kusukumana, lakini ushuhuda hautoshi kuihusisha na mauaji.

Sisi tunaweza kuongeza ushuhuda wetu. Wale kadogo walioingia vitani mwaka 1996 na 1997, ni wangapi kati yao walikuwa wamewahi kuona kompyuta? Waliingizwa na watu wazima wenye majina, si na mashine. Thomas Lubanga alihukumiwa The Hague mwaka 2012, akapewa miaka 14, kwa kuwaandikisha watoto wasiofikia miaka 15 na kuwatumia vitani huko Ituri. Anayeweka kosa lote juu ya kioo cha televisheni anawasaidia watu wa namna hiyo kujificha.

Afrika yetu nayo iliingizwa katika michezo hiyo. Mwaka 2012 Call of Duty: Black Ops II ilimwonyesha Jonas Savimbi wa Angola akipiga vita kati ya askari wake. Watoto wake walioishi Ufaransa walishitaki kampuni, wakadai euro milioni moja, kwa kuwa baba yao alionyeshwa kama mshenzi anayependa damu. Mwaka 2016 tribinali ya Nanterre ilikataa madai yao. Mutafikiri mutakavyo juu ya Savimbi; mimi nilishangaa zaidi kwamba vita iliyoua Waangola kwa miaka 27 ilikuwa pale nafasi ya dakika chache tu za kufyatua risasi. Hata udongo wetu umo humo: tantali inayotoka katika koltani hutumika katika vifaa vya umeme vya simu na vya mashine za kuchezea. Bei yake ilipopanda sana mwaka 2000, huku Kivu watu wengi waliacha mashamba wakaenda kuchimba.

Sasa turudi kwa mtu aliyeinua mikono. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo yanaifunga nchi yetu tangu 1961, yanasema katika kifungu cha 3 kwamba mtu aliyeweka silaha chini, au aliyejeruhiwa asiweze kupigana, asiuawe, asiteswe, na majeruhi watunzwe. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu lilileta jambo la michezo hii katika mkutano wake mkubwa. Magazeti mengine yaliandika kwamba wachezaji watashitakiwa. Si kweli. Huwezi kumshitaki mtu kwa kuua picha. Shirika liliomba jambo lingine: kama mchezo unaiga vita vya kweli, basi uwe na sheria za vita pia, na anayezivunja apate hasara ndani ya mchezo.

Kampuni moja ya Ucheki, Bohemia Interactive, ilisikia. Mwaka 2017 ilitoa sehemu mpya ya mchezo wake Arma 3, ambamo mchezaji ni mfanyakazi wa misaada anayetegua mabomu katika kijiji kilichoachwa na wenyewe. Sehemu ya mapato ilipewa Msalaba Mwekundu. Na mwaka 2023 shirika hilohilo lilitengeneza uwanja ndani ya mchezo wa Fortnite wenye amri chache: usimpige aliyekwisha kuanguka, usiwapige wasiopigana, usivunje nyumba za raia, na dawa uliyo nayo mtibu anayeihitaji.

Wakubwa wa mitaa mulioniuliza mufanye nini na nyumba za michezo, angalieni namba. Kwenye sanduku la michezo inayouzwa Ulaya, tangu 2003, imeandikwa umri: 12, 16, 18. Michezo mingi ya Call of Duty ina 18. Tangu 2019 mchezo huo umeingia katika simu, ambako sanduku halipo. Mwenye nyumba ya michezo ambaye mulimpa ruhusa ya kufungua mlango, munaweza kumpa na saa za kuufunga, na umri wa wanaoingia. Na mzazi, keti karibu na mtoto wako mara moja, mtazame pamoja, umuulize: huyu aliyelala chini anaruhusiwa kujitoa?

Juma lijalo tutasema juu ya karatasi za mashamba kwa wale wanaorudi vijijini.