Picha za Kihindi na marafiki wa Jumapili

Katika Unguja ya miaka ya 1950, Jumapili ilikuwa siku ya sinema. Mchana watu walikoga, wakavaa nguo zilizopigwa pasi, wakajitia manukato. Jioni ikikaribia, vichochoro vya Mji Mkongwe vilijaa makundi yanayoelekea kwenye majumba ya sinema, wengine Majestic kule Vuga, wengine Empire. Waliotoka mitaa ya Ng'ambo walikuja kwa miguu, wakipitiana majumbani na kuitana mlangoni. Aliyebaki nyumbani siku hiyo alikuwa na sababu, na kesho yake angeulizwa.

Historia ya majumba hayo imezoeleka kuandikwa kwa majina ya wenye mali na miaka ya ujenzi. Wale waliokalia viti nao wana historia yao. Ni historia ya watu waliojuana kwa sababu ya filamu za nyimbo kutoka Bombay na Cairo, wakawa marafiki, na urafiki wao ukaishi muda mrefu kuliko majumba yenyewe. Filamu zile zilimlazimu mtu kuwa na mwenzake. Tiketi zilikuwa adimu, lugha ilikuwa ngeni, na hadithi ilikuwa na mengi ya kubishaniwa. Kila moja ya shida hizo ilimtafutia mtu rafiki.

Kutoka jukwaani hadi kwenye pazia

Picha za Kihindi zilizaliwa jukwaani. Kabla filamu hazijapata sauti, India ya karne ya 19 ilikuwa na vikundi vya maigizo vya Waparsi wa Bombay, vilivyochanganya hadithi, mashairi, ngoma na nyimbo katika onyesho moja. Tarehe 14 Machi 1931, Ardeshir Irani alionyesha Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti. Hadithi yake ilitoka kwenye tamthilia ya jukwaa hilohilo, na ilikuwa na nyimbo 7. Mwaka uliofuata ikatoka Indrasabha, yenye nyimbo zinazokaribia 70. Tangu hapo filamu ya Bombay isiyo na nyimbo ikawa kama pilau isiyo na bizari.

Watu wa pwani walikuwa tayari kuipokea. Njia ya Bombay waliijua kwa majahazi na meli tangu zamani. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi huko kurekodi taarabu kwenye sahani za santuri, miaka mitatu kabla ya Alam Ara. Kutoka upande wa Misri zilikuja filamu za Mohammed Abdel Wahab, Umm Kulthum na Farid al-Atrash. Masikio yaliyolelewa na udi, fidla na ganuni hayakuhitaji kufundishwa kwa nini mtu aliyevunjika moyo asimame katikati ya hadithi aimbe.

Jumba la Royal lilikuwa limekwisha kujengwa Unguja tangu 1921. Lilipoteketea kwa moto, mahali pake pakajengwa Majestic, lililofunguliwa 1955. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Azania na mengine. Mombasa ilikuwa na Regal na Naaz. Tanga, Moshi na Mwanza nazo zilikuwa na majumba yake. Wenye majumba wengi walikuwa Wahindi, lakini wateja walikuwa watu wa kila kabila na kila mtaa. Afrika Kusini ya wakati huo iliwatenga watazamaji kwa rangi. Unguja na Dar es Salaam, kiti kiliamuliwa na bei ya tiketi: mwenye senti chache alikaa mbele karibu na pazia, mwenye nacho akapanda balkoni. Taa zikizimwa, wote walicheka mahali pamoja na kulia mahali pamoja.

Mkono dirishani

Urafiki ulianzia kwenye tiketi. Picha mpya ikitangazwa, foleni haikudumu. Watu walisukumana, walanguzi walijipenyeza, na mnyonge angeweza kurudi nyumbani na fedha zake mfukoni. Kwa hiyo watu walijipanga kwa makundi. Mmoja, mwembamba na mwepesi, alikabidhiwa fedha za wenzake. Wakamnyanyua, akapita juu ya mabega ya watu hadi dirishani, mkono ukazama kwenye kitundu ukiwa umebana fedha, ukatoka na tiketi zilizokunjamana. Kijana wa namna hiyo hakukosa marafiki. Na aliyekuwa na urafiki na mlanguzi naye alitafutwa na watu ambao wiki nzima hawakumkumbuka.

Ndani nako kulikuwa na mambo. Mara nyingi mji ulipata nakala moja tu ya filamu, na majumba mawili yaligawana. Mkanda ulikuja kwa vipande, kila kipande kwenye kopo lake la bati. Jumba la kwanza likimaliza kipande, kijana wa baiskeli alikifunga nyuma na kukikimbiza hadi jumba la pili, ambalo lilianza onyesho likiwa limechelewa kwa makusudi. Tairi likipata pancha, au umati ukimzuia njiani, pazia la jumba la pili lilibaki jeupe. Watu wakapiga miluzi. Kisha mmoja akaanzisha wimbo uliotoka kuimbwa, safu ya nyuma ikamjibu, karanga zikapitishwa mkono kwa mkono, na mtu aliyeketi karibu na asiyemjua akamwuliza: wewe unadhani ataolewa na nani? Mazoea mengi yalianza kwa swali la namna hiyo.

Mtoto wa nyoka

Wengi katika ukumbi hawakujua Kihindi. Maneno kama dunia, safari na wakati waliyadaka wenyewe kwa kuwa yalifanana na ya kwao, mengine walieleweshwa. Alikuwapo jirani wa Kihindi, au rafiki aliyekulia mtaa mmoja na Wahindi, au aliyekwisha kuiona picha Jumapili iliyopita na sasa amerudi na kundi jingine. Huyo ndiye aliyenong'ona. Safu nzima ilimsogelea, na akikosea alisahihishwa na wa safu ya nyuma.

Filamu iliyozua mazungumzo kuliko nyingi ni Awara ya 1951. Jaji mmoja anamfukuza mkewe mjamzito, kwa shaka kwamba mimba ni ya jambazi aliyemteka. Jaji huyo anaamini kwamba mtoto wa mwizi atakuwa mwizi. Mtoto anakulia kwenye umaskini na kweli anakuwa mwizi, mpaka anapofikishwa mahakamani na kutetewa na Rita, mwanasheria anayempenda. Raj Kapoor alicheza mwana, Nargis akacheza Rita, na jaji alichezwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj.

Kwa Waswahili hilo halikuwa jambo la mbali. Methali ya kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka waliirithi kwa bibi zao, na picha ilikuja kuihoji mbele ya macho yao. Je, mtu ni nasaba au ni malezi? Je, kijana achague mchumba mwenyewe, au achaguliwe? Mwanahistoria Laura Fair, aliyeongea na wazee wa Unguja na wa Bara na kuandika kitabu Reel Pleasures kilichotoka 2018, ameonyesha jinsi picha kama Awara zilivyowapa vijana nafasi ya kujadili mapenzi na ndoa. Kijana asingethubutu kumwambia baba yake kwamba hataki mke aliyetafutiwa. Lakini barazani, kahawa ikimiminwa, aliweza kusema Raj alikuwa na haki, na marafiki zake wakajua anamsemea nani.

Mwaka 1957 ikaja Mother India, ambamo Nargis anacheza Radha, mama anayempiga risasi mwanawe mwenyewe ili kulinda heshima ya binti wa kijiji. Mabishano yakawaka tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakasema wengine, mama gani afanye vile? Wengine wakamtetea: haki haina mwana. Juu ya hayo zikaja habari za waigizaji wenyewe, kwamba Sunil Dutt, aliyecheza mtoto huyo, alimwokoa Nargis kwenye moto wakati wa kupiga picha, na mwaka 1958 wakaoana. Mazungumzo ya wiki nzima yalipatikana hapo.

Mashoga wa alasiri

Wanawake walikuwa na siku yao. Majumba yaliweka maonyesho ya alasiri ya wanawake peke yao, na huko mama aliyekuwa hatoki ila kwa harusi na msiba alitoka na mashoga zake na watoto. Mabuibui yaliteremshwa mabegani na sauti zikapanda. Waliimba pamoja na waigizaji, wakalia waziwazi, wakamtukana adui wa picha kwa jina. Siku zilizofuata, wakati wa kusukana nywele na kupakana hina, picha ilihadithiwa upya kwa asiyekwenda. Mitindo ya nguo ikachukuliwa humohumo. Fundi cherehani alielezwa gauni la kwenye pazia, akalishona kwa kuambiwa tu.

Kuhadithia kulikuwa kazi yenye heshima. Watoto wasio na fedha za kutosha walichanga senti zao, mmoja akaingia, wengine wakasubiri nje. Akitoka alikuwa na deni. Alipaswa kueleza nani alimpiga nani, wimbo ulianza wapi, na mvua ilinyesha wakati gani. Msimuliaji mzuri aliwafanya wenzake waione picha vizuri kuliko yeye alivyoiona, na huyo alichangiwa tena wiki iliyofuata.

Nyimbo nazo zilivuka hadi kwenye taarabu. Mombasa, Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alijijengea jina kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi, mengine yakitungwa na jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo. Arusini, mtu aliyesikia mahadhi ya waimbaji wa filamu za Bombay, Mukesh au Mohammed Rafi, yakirudi na maneno ya Kimvita aligeuka kumtazama rafiki aliyeketi naye sinema. Hakuhitaji kusema kitu.

Picha ilipoingia sebuleni

Majumba hayakufa kwa siku moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ya Zanzibar iliyataifisha ya Visiwani. Upande wa Bara, Shirika la Filamu Tanzania lilianzishwa 1968 na baadaye likashika uagizaji wa filamu, kisha sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo ikayagusa majumba mengi. Fedha za kigeni zilipoadimika, picha mpya zilipungua na mitambo ikakosa vipuri. Hata hivyo watu waliendelea kujaa; Sholay ya 1975 ilirudiwa na kurudiwa, na wapo walioikariri.

Pigo kubwa lilitokea majumbani. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi 1974, miaka ishirini kabla ya Bara kupata vituo vyake. Miaka ya 1980 ikaleta kanda za video. Mwenye deki alialika jirani, kisha kila jirani akapata yake. Majumba yakafungwa moja baada ya jingine, mengine yakawa maghala, maduka na nyumba za ibada. Pale palipokuwa na Drive-In ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1966 na kukusanya familia ndani ya magari na kando yake, leo pana Ubalozi wa Marekani.

Filamu zenyewe hazikupotea. Leo Awara na Mughal-e-Azam zinapatikana kwenye simu ya mtu yeyote, safi kuliko zilivyoonekana Majestic. Kilichopungua ni haja ya mwenzako. Hakuna tiketi ya kugombea, tafsiri inaandikwa chini ya picha, na anayechoka hugeuza kitu kingine bila kumwuliza aliye pembeni. Hiyo ni hasara, na nathubutu kuiita kwa jina lake, kwa sababu mji wenye watu wa kabila na dini nyingi unahitaji mahali ambapo wasiojuana wanalia kwa jambo moja.

Watu hawakukubali kirahisi kuipoteza tabia ya kutazama pamoja. Mitaa ya Dar es Salaam ilizua vibanda umiza, ambako kadamnasi hubanana kutazama video kwenye mabenchi. Aliyenong'ona kwenye safu alirudi kwa sura mpya: DJ Afro wa Kenya na VJ Jingo wa Uganda wamejipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa lugha ya watazamaji wao. Unguja, mtaani Sokomuhogo, baraza maarufu la kahawa linaitwa Jaws Corner, kwa jina la filamu ya papa ya 1975. Na tangu 1998 tamasha la filamu la nchi za majahazi limekuwa likiwakusanya watu Ngome Kongwe, hukohuko Unguja.

Majestic lingalipo Vuga, na wahifadhi wa majengo wamekuwa wakipigania lifufuliwe. Wanastahili kuungwa mkono na serikali, wafanyabiashara na sisi wananchi. Lakini kuna kazi isiyongoja fedha. Walioketi mle miaka ya 1950 wanaondoka mmoja mmoja. Kama una mzee aliyekuwa mpenzi wa picha za Kihindi, mwulize aliketi na nani, nani alikuwa akimkatia tiketi, na nani alikuwa akimfasiria. Andika majina hayo au mrekodi kwa simu yako. Kisha umtafutie picha aliyoipenda, na muitazame pamoja naye na majirani, hadi mwisho.