Mwingilianomatini: Vitabu Ndani ya Tamthilia ya Gilmore Girls

Mwingilianomatini ni uhusiano kati ya matini moja na matini nyingine zilizoitangulia au zinazoizunguka, uhusiano unaofanya maana ya matini hiyo isikamilike mpaka hizo nyingine zikumbukwe. Matini hapa si kitabu peke yake. Wimbo, filamu, hotuba na kipindi cha televisheni vyote huhesabiwa. Dhana hii ilizaliwa katika uhakiki wa riwaya, lakini huonekana kwa urahisi zaidi katika tamthilia za televisheni ambazo wahusika wake ni wasomaji. Mojawapo ni Gilmore Girls, tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na Amy Sherman-Palladino. Ilianza kurushwa Oktoba 2000 na kufikia tamati Mei 2007, baada ya misimu 7 na vipindi 153. Kiini chake ni Lorelai Gilmore, aliyejifungua akiwa na miaka 16, na binti yake Rory, msichana asiyetoka nyumbani bila kitabu. Wanaishi Stars Hollow, mji wa kubuni katika jimbo la Connecticut.

Chimbuko la dhana

Istilahi ya awali ni ya Kifaransa: intertextualité. Iliasisiwa na Julia Kristeva, mhakiki mzaliwa wa Bulgaria aliyehamia Paris katikati ya miaka ya 1960. Aliitumia katika makala ya mwaka 1967 iliyojadili kazi za Mrusi Mikhail Bakhtin. Bakhtin alikuwa ameonyesha kwamba neno ndani ya riwaya halianzi na mwandishi. Limekwishapita vinywani mwa wengine, na kila alitumiaye huwa anawajibu, anawapinga au anawaunga mkono. Kristeva alilihamisha wazo hilo la mazungumzo kutoka kwa wasemaji hadi kwa matini zenyewe: kila matini hufyonza nyingine na kuzigeuza.

Mwaka 1982 Mfaransa Gérard Genette alichapisha kitabu Palimpsestes, ambamo aliugawa uhusiano wa matini katika mafungu matano. Kwake, istilahi ya Kristeva ilikuwa jina la fungu moja tu, lile la matini kuwemo ndani ya nyingine. Katika uhakiki wa Kiswahili mwingilianomatini hutumika zaidi kwa maana pana, inayoyakusanya mafungu yote matano.

Umbo la istilahi ya Kiswahili

Istilahi hii imeundwa kwa kuambatanisha nomino mbili. Ya kwanza, mwingiliano, inatokana na kitenzi ingia. Kauli ya kutendea hukigeuza kuwa ingilia, kauli ya kutendana huleta ingiliana, na kiambishi awali cha ngeli pamoja na irabu -o ya mwisho hufanya nomino. Ya pili, matini, asili yake ni Kiarabu, ambako neno hilo hutaja maandishi au maneno yenyewe ya kazi fulani. Wanafunzi wa elimu ya hadithi za Mtume hulijua kwa maana hiyo: matini ni maneno ya hadithi, tofauti na isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wake.

Kauli ya kutendana ina uzito wake katika istilahi hii. Matini mpya huingia katika ya zamani kwa kuikopa, na ya zamani nayo huingia katika mpya kwa kuiongezea maana. Tena msomaji akisharudi kwenye kitabu kilichotajwa, hukisoma kwa jicho jingine. Kwa hiyo istilahi hii inafaa zaidi kuliko “athari”, neno linaloonyesha mwelekeo mmoja tu, kutoka kwa mtangulizi kwenda kwa mfuasi.

Waandishi wengine huiandika kwa maneno mawili, mwingiliano matini, au hutumia kirai “mwingiliano wa matini”. Umbo lililoungana hufaa zaidi pale linapohitaji kunyambuliwa, kama katika “uchambuzi wa kimwingilianomatini”. Kisarufi huwa katika ngeli ya U-I: mwingilianomatini huu unajitokeza.

Istilahi jirani

Nukuu ni maneno ya matini nyingine yaliyochukuliwa yalivyo, pamoja na ishara kwamba yamechukuliwa. Dokezo ni kuitaja matini nyingine kwa kugusia tu, ili msikilizaji aitambue mwenyewe. Wizi wa maandishi ni kuchukua maneno ya mwingine na kuficha kwamba si yako. Zote tatu ni namna za mwingilianomatini. Mwingilianotanzu ni kuchanganya tanzu, kwa mfano utenzi ndani ya riwaya, na huweza kutokea bila kazi yoyote mahususi kutajwa.

Jambo lenyewe lina umri mkubwa kuliko jina lake. Katika ushairi wa Kiswahili, mtunzi wa takhmisa huchukua mishororo miwili ya ubeti wa mtu mwingine, akaiongezea mitatu yake na kupata ubeti wa mishororo mitano. Takhmisa ya Liyongo, ambayo huhusishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ilitungwa kwa njia hiyo. Msomaji husikia sauti mbili ndani ya ubeti mmoja.

Mafungu matano ndani ya tamthilia moja

Fungu la kwanza, matini kuwemo ndani ya nyingine, ndilo lililoipa Gilmore Girls sifa yake. Katika kipindi cha kwanza kabisa, kijana Dean anamweleza Rory kwamba amekuwa akimwona akisoma chini ya mti baada ya masomo: wiki iliyopita Madame Bovary ya Gustave Flaubert, wiki hii Moby-Dick ya Herman Melville. Vitabu hapo ni ushahidi kwamba kijana huyo amekuwa akimwangalia kwa muda. Ni kipimo pia cha msichana mwenyewe, kwani havikutarajiwa mikononi mwa mtu wa umri wake.

Mfano mzito zaidi uko katika msimu wa pili, mwaka 2001. Jess, kijana mtukutu aliyetoka New York, anaona nakala ya Howl, mashairi ya Allen Ginsberg ya mwaka 1956, kwenye rafu ya Rory. Rory anajitolea kumwazima. Yeye anakataa na kusema hana mazoea ya kusoma. Baadaye inadhihirika kwamba aliichukua kimyakimya, na anairudisha ikiwa na maelezo aliyoyaandika pembezoni mwa kurasa. Wanapoagana Rory anamwita “Dodger”, na baada ya kutafakari kidogo Jess anataja jina la kitabu: Oliver Twist. Katika riwaya hiyo ya Charles Dickens, Dodger ni kibaka mdogo wa London, hodari wa kuchomoa vitu mifukoni mwa watu. Jina hilo moja linamshtaki Jess kwa wizi, linamsamehe kwa mzaha, na linampima kama kweli ni msomaji. Jibu lake linaonyesha kwamba ule ukanaji wa kusoma ulikuwa uongo.

Fungu la pili ni la vitu vinavyoizunguka matini: majina, majalada, dibaji na maelezo. Kampuni ya utayarishaji ya Sherman-Palladino inaitwa Dorothy Parker Drank Here, jina linalomkumbuka mshairi na mwandishi wa New York aliyeishi kuanzia 1893 hadi 1967 na kusifika kwa ulimi mkali. Mtazamaji hulikuta kwenye majina ya watayarishaji kipindi kinapokwisha. Kipindi chenye kisa cha Howl kinaitwa “Nick & Nora/Sid & Nancy”. Nick na Nora ni mke na mume wenye majibizano ya kuchekesha katika riwaya The Thin Man ya Dashiell Hammett, iliyotoka 1934. Sid na Nancy ni mwanamuziki wa panki na mpenzi wake, ambao mapenzi yao yaliishia mautini. Kwa majina mawili tu, kichwa kinaweka mbele ya mtazamaji njia mbili ambazo uhusiano wenye maneno makali unaweza kufuata. Hata DVD za tamthilia hii ziliuzwa pamoja na vijitabu vya kufafanua madokezo yake.

Fungu la tatu ni matini inayoizungumzia matini nyingine, yaani uhakiki. Maelezo ya Jess pembezoni mwa Howl ni ya aina hii, sawa na ubishi wake na Rory: Rory anamtetea Ayn Rand, Jess anamwona mwenye siasa za kichaa na kumpigia debe Ernest Hemingway. Dean naye anajaribu kusoma Anna Karenina kwa ajili ya Rory na kulalamika kwamba majina ya Kirusi yanamchanganya. Hivyo vijana wawili wanaomwania msichana mmoja wanatofautishwa kwa namna wanavyosoma, bila mwandishi kuhitaji kuwaeleza.

Fungu la nne ni matini iliyojengwa juu ya nyingine kwa kuigeuza. Katika kipindi “Run Away, Little Boy”, pia cha msimu wa pili, wanafunzi wa shule ya Chilton wanaigiza Romeo and Juliet ya Shakespeare. Rory ni Juliet. Tristan, kijana aliyewahi kumbusu kwa siri, ndiye aliyepangwa kuwa Romeo, lakini anapelekwa shule ya kijeshi kabla ya onyesho. Nafasi yake inachukuliwa na Paris, msichana aliyekuwa mpinzani wa Rory darasani. Msiba wa wapendanao unageuka kichekesho, huku hofu ya siri kufichuka ikibaki palepale. Toleo la mwaka 2016, lenye vipindi vinne vilivyorushwa na Netflix, linakwenda mbali zaidi: Rory aliyekwisha kuwa mtu mzima anaanza kuandika kitabu kuhusu maisha yake na mama yake, kiitwacho Gilmore Girls. Tamthilia inakuwa chanzo cha matini iliyo ndani yake yenyewe.

Fungu la tano ni uhusiano na utanzu. Majibizano ya kasi ya Lorelai na Rory yanafuata mkondo wa vichekesho vya mapenzi vya Hollywood vya miaka ya 1930 na 1940, ambamo wahusika hushindana kwa maneno. Hakuna filamu moja inayohitaji kutajwa. Mwendo wa mazungumzo unatosha kuonyesha ukoo.

Kipimo cha ubadilishaji

Zipo orodha zenye zaidi ya vitabu 300 vinavyosemekana kutajwa au kuonekana katika Gilmore Girls, na wapo watazamaji waliojipa kazi ya kuvisoma vyote. Orodha ya namna hiyo huhesabu kitabu kilichowekwa rafuni kama pambo sawa na kitabu kinachobeba kisa. Uchambuzi wa kimwingilianomatini hutenganisha hivyo viwili kwa swali moja: kitabu hiki kikiondolewa na kingine kikawekwa mahali pake, onyesho litapoteza nini?

Ondoa Oliver Twist, na jina “Dodger” linakuwa sauti tupu. Mwingilianomatini hapo ni mzito. Moby-Dick ya kipindi cha kwanza ingeweza kubadilishwa na riwaya nyingine nene ya karne ya 19, na hasara ingekuwa ndogo. Hata hivyo uzito wa dokezo unaweza kuongezeka baadaye. Katika kipindi cha mwisho cha msimu wa tatu, mwaka 2003, Rory anatoa hotuba ya mahafali akiwa mwanafunzi aliyeongoza, na kusema ameishi katika dunia mbili, mojawapo ikiwa ya vitabu. Miongoni mwa safari anazozitaja ni kumwinda nyangumi mweupe, kuelea juu ya chelezo pamoja na Huck na Jim, na kusafiri kwa treni na Anna Karenina. Nyangumi ni wa Moby-Dick, kitabu cha chini ya mti. Anna Karenina ndicho kile kilichomshinda Dean. Madokezo yaliyoonekana mepesi yanakusanywa na kuwa historia ya mhusika.

Kipimo hiki hufichua pia mpaka wa dhana. The Subsect, riwaya fupi ambayo Jess anaichapisha katika msimu wa sita, haipo nje ya tamthilia. Ni kitabu cha kubuni, hivyo hakileti matini ya zamani yoyote. Kinachokipa maana ni vipindi vilivyotangulia, vya kijana aliyesema hana mazoea ya kusoma.

Dokezo katika tafsiri

Anayeitafsiri tamthilia ya namna hii kwa Kiswahili, iwe kwa sauti au kwa maandishi ya chini ya skrini, ana njia tatu. Anaweza kuliacha jina lilivyo na kumtegemea mtazamaji aliyesoma Dickens. Anaweza kuliongezea ufafanuzi mfupi, kama “kibaka wa Dickens”, ambao huokoa maana lakini huua fumbo, kwani Jess anapaswa kulitegua mwenyewe. Au anaweza kuweka badala yake mjanja anayefahamika kwa wasikilizaji wa hadithi za Kiswahili, kama Abunuwasi. Njia hii huhifadhi mzaha na kupoteza shtaka, maana sifa ya Abunuwasi ni akili ya kuwazidi wakubwa, si kuchomoa mifuko. Tena huweka kinywani mwa msichana wa Connecticut kitabu ambacho hakimo rafuni mwake.

Uamuzi hutegemea kazi ya dokezo. Kitabu kinachopita kwa jina tu kinaweza kuachwa kama kilivyo, kwa kuwa hata mtazamaji wa Marekani asiyekisoma hapotezi kitu kikubwa. Kile kinachobeba kisa kinahitaji angalau alama moja, ndani ya mazungumzo au katika maelezo ya pembeni, itakayomwezesha mtazamaji kuijua matini ya pili.