Kutuma Baruapepe Mbali na Ofisi: Historia na Istilahi Zake Kampala

Makala haya yanadai kuwa historia ya seva ndogo za baruapepe ni historia ya kuaminiana. Mapema miaka ya 1990, huduma ya MUKLA katika Chuo Kikuu cha Makerere ilikusanya barua za watumiaji, kisha ikazisafirisha ng'ambo kwa njia ya simu. Kanuni za SMTP za mwaka 1982 hazikumdai mtumaji utambulisho. Seva iliweza kupitisha barua ya yeyote. Barua taka zilipofurika, seva zilifungiwa wageni. Hapo mtumishi wa ofisi ya Nakasero aliye safarini Gulu naye angehesabiwa mgeni.

Mwaka 1998 mlango 587 ulitengewa watumiaji, mlango 25 ukabaki wa seva kwa seva. Mwaka 1999 uthibitishaji wa mtumaji ukasanifiwa.

Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, kinahitaji istilahi mbili: mtumiaji *huwasilisha* barua kwa seva yake; seva *huipeleka* kwa nyingine. Mwongozo wa serikali unaosema "kutuma" kwa yote mawili utamfanya fundi afungue mlango usiostahili.