Gemu 8 za Kuchangamsha Kambi Yenu Kikoneni, na Moja ya Kuogopa Usiku

Unajua ile kambi watu wanatoka Mombasa na shangwe zote, wanasimamisha hema, wanapiga picha kumi na tano, halafu ikifika saa mbili usiku kila mtu ameinamia simu? Moto unawaka peke yake hapo katikati. Hiyo si kambi, hiyo ni kulala nje.

Kikoneni itawanyoosha. Ni mashambani kabisa Kwale: unavuka feri ya Likoni, unapita Ukunda na Msambweni, halafu unaacha barabara kuu ya Lunga Lunga na kuingia bara. Hoteli za Diani umeziacha nyuma. Huku ni minazi, miembe, michungwa na mikorosho. Hakuna klabu, na chaji ikiisha imeisha. Habari njema ni kwamba gemu nyingi hapa chini hazitaki doo. Ulizichezanga primary, ukazisahau tu.

Kwanza, adabu

Shamba lina mwenyewe. Omba ruhusa, na mzee wa kijiji ajue mko wapi na mko wangapi. Wakubwa wape shikamoo yao. Wakati wa adhana zima spika. Na hema usiweke chini ya mnazi hata kivuli kikikuita kwa jina: nazi kavu ikianguka haipigi hodi.

1. Nyama nyama (watu 6 kwenda juu)

Hii ndiyo ya kufungua, hasa kama watu hawajuani. Simameni kwa duara. Kiongozi anataja nyama haraka haraka: ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kuku. Ikiwa inaliwa, mnaitika "Nyama!" na kuruka. Akitaja meza ama ndovu, ukiruka umetoka. Kubalianeni mapema kuhusu nguruwe, juu kwa wengi huku hiyo hailiwi. Sisi tulisahau kukubaliana kuhusu sungura, na ile kesi mpaka leo haijaisha.

2. Kati

Wawili wanasimama pande mbili wakirusha mpira, walio katikati wanakwepa. Ukiguswa unatoka. Mkitaka iwe ngumu, weka chupa katikati: mnaoviziwa lazima muijaze mchanga kabla wote hamjatolewa. Mpira wa mifuko ya plastiki sahau, hiyo mifuko ilipigwa marufuku Kenya 2017. Soksi kuukuu zilizofungwa kamba zinatosha, na hata ikikupata usoni haiumi.

3. Kuvuta kamba

Usicheke, hii ilikuwa mchezo wa Olimpiki kutoka 1900 hadi 1920. Gawanyeni timu kwa uzito, si kwa idadi, ama mtavutwa mpaka Vanga. Chora mstari chini, timu itakayovutwa ikavuka imepoteza. Usizungushe kamba mkononi, kamba ikikaza inavunja vidole. Mshindi haoshi sufuria.

4. Mbio za kukuna nazi

Hii ni ya Pwani yenyewe. Mwombeni mwenyeji mbuzi mbili, namaanisha zile za kukunia nazi, si za kuchinja. Kila timu inapewa nazi tatu zilizofuliwa. Unapasua, unakaa juu ya mbuzi, unakuna, mwenzako anakamua tui. Timu ya kwanza kutoa tui bakuli moja bila vipande vya kifuu inashinda. Mabeshte wa bara watakuna vidole, kwa hivyo waanze polepole, ile meno ya mbuzi ni chuma. Uzuri wa hii gemu ni kwamba ikiisha, wali wa nazi uko karibu kuiva.

5. Bao

Joto la saa nane halitaki mbio. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kete za asili ni mbegu za komwe, lakini kokoto zinafanya kazi. Kama hakuna ubao, chimbeni mashimo kwa mchanga. Anayejifunza aweke kete mbili kila shimo na aanze hapo. Lile bao la wakubwa, ambalo kete nyingine zinabaki mkononi mwanzoni, mwachie mzee akuonyeshe. Mzee atakufunga ndani ya dakika tano na hatakuonea huruma. Shukuru tu, umesoma.

6. Brikicho (mchana pekee)

Ndiyo hii ya kuogopa. Mchana iko fiti: mmoja anafunika macho kwa mti, anahesabu hadi hamsini, wengine wanajificha. Akikuona, mnashindana kukimbia kugusa ule mti.

Sisi tulijifanya mabingwa tukaicheza saa tatu usiku. Beshte yetu mmoja alijificha kwa shamba la mihogo, akapotea njia ya kurudi, na simu yake haikuwa na chaji. Tulimtafuta karibu saa nzima, tukimwita majina yote, mpaka yale ya utani. Bibi mwenye shamba akatoka na tochi. Hakutupigia kelele. Aliuliza tu, "Wajukuu zangu, hamjui huku ndovu hupita?"

Tulinyamaza wote. Ndovu wa Shimba Hills hutoka hifadhini na kuingia mashamba ya watu Kwale. Kwa mwenyeji hiyo si stori ya watalii, ni chakula cha mwaka mzima kimekanyagwa usiku mmoja. Tulimpata beshte yetu ameketi chini ya mwembe, analia kimya kimya. Gemu iliishia hapo.

Kwa hivyo shika hii: mwisho saa kumi na moja jioni, mipaka iwekwe, watu wajifiche wawili wawili, na filimbi iwepo ya kuwaita. Na msitu mkongwe usiuingie ovyo. Misitu ya kaya ni mitakatifu kwa Wamijikenda, na baadhi yake, kama Kaya Kinondo kule karibu na Diani, iko kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Huko unaingia na mwenyeji, kwa heshima.

7. Mafia (watu 8 kwenda juu)

Sasa giza limeingia na mko kando ya moto. Msimamizi anawapa watu siri: wawili ni mafia, mmoja ni polisi, waliobaki ni raia. "Usiku" mnafunga macho, mafia wanachagua wa kuuawa. "Asubuhi" mnashutumiana na kupiga kura ya kumtoa mtu. Hapa ndipo utajua nani kwa hao marafiki wako anadanganya bila kupepesa jicho. Hakuna kutembea, hakuna kupotea.

8. Vitendawili

Hii nimeiweka mwisho juu ndiyo iliniweka mimi sawa. "Kitendawili!" "Tega!" Mkishindwa kutegua, mtegaji anasema, "Nipeni mji." Mnampa Mombasa, akikataa mnampa Tanga. Akikubali, anasimulia alivyoenda huko na alichokiona, ndiyo atoe jibu.

Nikwambie ukweli, hiyo safari niliiogopa. Wengi wao tulikuwa chuo kimoja. Wao walimaliza, mimi niliachia mwaka wa pili. Nilijua tu mtu ataniuliza, siku hizi uko wapi? Nikatega: babu yangu ana ndevu nyingi, ukimnyoa anakupa maji. Wakashindwa. Wakanipa mji, na mji wenyewe ukawa ule wa chuo chetu.

Ningeweza kukataa. Nikakubali. Nikasimulia nilivyoenda, nikapokewa vizuri, karo ikakatika, nikabeba godoro nikapanda matatu alfajiri ili nisionekane. Mwanzoni walicheka, wakadhani natunga. Halafu wakaacha kucheka. Hakuna aliyesema pole. Mmoja alisema tu, "Mji umeupokea. Haya, tupe jibu."

Jibu lilikuwa dafu. Aliyefuata kupewa mji naye akasimulia mambo yake, ambayo sitayaandika hapa. Tulilala saa nane, na simu hakuna aliyeikumbuka.

Beba hizi

Kamba ndefu, soksi kuukuu, filimbi, tochi na betri za akiba, neti na dawa ya mbu, maji ya kutosha. Aprili hadi Juni mvua za Pwani hazina utani, chagua miezi mingine. Zimeni moto kabisa kabla ya kulala, na takataka mrudi nazo.

Haya, wewe wakikupa mji, utaupokea?