Geji: Istilahi ya Reli Kubwa na Reli ya Modeli

Geji ni umbali kati ya nyuso za ndani za vyuma viwili vya reli. Unene wa chuma hauhesabiwi, wala urefu wa mataruma yaliyovibeba. Tanzania ina geji tatu: milimita 1,000 kwa Reli ya Kati ya zamani na ya Tanga, milimita 1,067 kwa TAZARA, na milimita 1,435 kwa reli ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Hii ya tatu tumezoea kuiita “reli ya kisasa”. Jina hilo linafaa kwenye tangazo la safari, lakini halifai kuwa istilahi, kwa sababu linasifu reli bila kutaja kipimo chake. Ninapendekeza tuseme “reli ya geji sanifu”, na umuhimu wa neno hilo unaonekana vizuri zaidi kwa mtu anayejenga reli ya modeli kuliko kwa abiria.

Tuchukue mfano wa Liparamba, wilayani Nyasa. Mkoa wa Ruvuma hauna reli, ingawa ipo mipango ya kujenga njia ya geji sanifu ya kilomita 1,000 hivi, kutoka Mtwara kupitia Songea hadi Mbamba Bay. Anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wa huko reli ni nini atalazimika kujenga modeli ya kubebeka, yaani mbao zinazounganishwa kwa bolti, zikafunguliwa na kupakiwa garini kwenda shule nyingine. Kwa skeli ya 1:87, njia nzima ingehitaji kilomita 11 na nusu za modeli. Kwa hiyo atachagua sehemu moja tu, kwa mfano mwisho wa reli kando ya Ziwa Nyasa, ambapo ubao wa sentimita 120 utawakilisha mita 104 za ardhi. Kisha atagawa 1,435 kwa 87 na kupata milimita 16.5, ambayo ndiyo geji ya reli za modeli zinazouzwa kwa skeli hiyo. Akitaka kuonyesha TAZARA atapata 12.26, na kwa Reli ya Kati ya zamani 11.49, na zote mbili atazitengenezea reli za milimita 12. Tofauti inayotoweka kwenye modeli ni milimita 67 katika reli halisi, na hiyo ndiyo inayolazimisha mizigo ihamishwe pale Kidatu, njia hizo mbili zinapokutana, kwa kuwa behewa la njia moja haliwezi kupita kwenye njia nyingine. Aliyeambiwa tu kwamba hii ni “ya kisasa” na ile ni “ya zamani” hana namba ya kugawa.

Neno “geji” linahitajika tena mbao za modeli zinapokutana. Mbao huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na modeli inayosafirishwa hugongwagongwa njiani. Ndiyo maana kwenye ukingo wa kila ubao hukazwa skrubu za shaba nyeupe, vyuma vya reli vikalehemewa juu ya vichwa vyake. Wakati wa kulehemu, fundi hukandamiza juu ya vyuma vyote viwili kipande cha chuma chenye mifereji miwili, ili geji isibadilike risasi inapopoa. Chuma kimoja kikisogea nje kwa milimita moja tu, gurudumu linaweza kuacha reli. Fundi anayemwelekeza mwenzake kazi hii anahitaji neno moja, fupi na lisilotatanisha.

Wapo watakaosema “upana wa reli” unatosha. Lakini kwetu reli ni chuma chenyewe na pia ni njia nzima, kwa hiyo upana wake unaweza kuwa wa kichwa cha chuma, wa mataruma, au hata wa tuta. Wengine watasema geji ni ya gereji, kwa maana ya geji ya mafuta. Kiswahili hakijawahi kushindwa na neno la maana mbili. Geji ya mafuta na geji ya reli hutofautishwa na kijalizo chake, na wote wanaozitumia huelewana.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba “reli ya kisasa” imeshakubalika. Imekubalika kweli, lakini kipimo chake si cha kisasa. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830 ikiwa na geji iliyokaribia sana kipimo hicho, na mwaka 1846 sheria ya Uingereza ikaifanya milimita 1,435 kuwa geji ya kawaida ya nchi hiyo. Ujenzi wa reli ya Tanga, yenye geji ya milimita 1,000, ulianza mwaka 1893. Kipya katika reli yetu ni umeme na mwendo, na hayo yana majina yake. Neno “sanifu” linaeleza ukweli vizuri zaidi: Kiswahili sanifu si Kiswahili kipya, ni kile kilichokubaliwa kiwe cha wote, na geji sanifu ni hivyo hivyo. Vitabu vya shule, mikataba na habari za reli ya Mtwara–Mbamba Bay viandike “geji sanifu, milimita 1,435”. Mwanafunzi wa Liparamba atakayeyasoma maneno hayo ataweza kuchukua rula na kuanza kujenga.