Jina Lililobaki Ohio

Mwaka 1852 Eston Hemings alihama Chillicothe, Ohio, na mkewe na watoto wao watatu, wakaenda kuishi Madison, Wisconsin. Aliyeondoka Ohio alikuwa Hemings, seremala na mpiga fidla, mtu aliyehesabiwa miongoni mwa weusi. Aliyefika Wisconsin ni Eston H. Jefferson, Mzungu. Basi, ni safari moja tu, na ukoo mzima ukavuka mstari.

Eston alizaliwa mwaka 1808 huko Monticello, Virginia, kwenye shamba la Thomas Jefferson, rais wa 3 wa Marekani. Mama yake, Sally Hemings, alikuwa mtumwa wa Jefferson. Uvumi kwamba Jefferson amezaa naye ulichapishwa gazetini tangu mwaka 1802. Wosia wa Jefferson, aliyefariki tarehe 4 Julai 1826, ndio uliowaachia huru Eston na kaka yake Madison.

Mimi kinachonivutia ni lile jina alilolichagua. Mtu anayejificha kwa kawaida hutafuta jina lisilo na kelele. Huyu alitupa jina la mama, linalomfunga na utumwa, akachukua la yule ambaye watu walinong'ona kuwa ndiye baba. Alificha rangi yake, na papo hapo akaitangaza nasaba yake. Mwanawe John Wayles Jefferson alikuja kuwa kanali katika jeshi la Muungano wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hakuna aliyemuuliza bibi yake alikuwa nani.

Siri ikitunzwa sana hupotea hata kwa wenyewe. Kufikia karne ya 20, wajukuu na vitukuu wa Eston walikuwa wakiambiwa kwamba wametokana na mjomba fulani wa Jefferson. Jina Hemings lilibaki Ohio. Mpaka Fawn Brodie alipochapisha wasifu wa Jefferson mwaka 1974, ndipo watu wa ukoo huo walipoona majina ya wazee wao kitabuni.

Halafu ikaja DNA. Kuna kromosomu inayoitwa Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume karibu bila kubadilika, naye humpa wake, hivyo hivyo vizazi na vizazi. Jina mtu anaweza kulibadilisha akiwa njiani. Kromosomu Y hana uwezo nayo. Tatizo ni kwamba Jefferson hakuacha mtoto wa kiume wa ndoa aliyefikia utu uzima. Kwa hiyo Dk. Eugene Foster alitafuta wanaume waliotokana na Field Jefferson, baba mkubwa wa rais, akalinganisha damu yao na ya mwanaume mmoja wa ukoo wa Eston. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature, Novemba 1998: zimelingana, na kwa aina ya kromosomu Y ambayo ni adimu. Watoto wa dada yake Jefferson, wale akina Carr ambao wajukuu wa Jefferson walikuwa wakiwasukumia lawama, hawakulingana hata kidogo.

Sasa hapa twende polepole. Kipimo hicho hakisemi “Thomas”. Kinasema mwanaume wa ukoo wa Jefferson, na Thomas alikuwa na mdogo wake, Randolph. Aliyeinyanyua hoja kutoka kwenye ukoo hadi kwa mtu mmoja si maabara. Ni karatasi: kumbukumbu zinazoonyesha Jefferson alikuwa Monticello kila Sally alipopata mimba. Na ni ushahidi wa mdomo. Mwaka 1873 Madison Hemings alilieleza gazeti moja la Ohio, waziwazi, kwamba yeye na ndugu zake ni watoto wa Jefferson. Wanahistoria wengi walimpuuza. Ilipita miaka 125 ndipo damu ikamtetea.

Lakini tusikimbilie kusema wazee hawakosei. Ukoo wa Woodson nao ulikuwa na hadithi kama hiyo, uliyoitunza kwa mapenzi yale yale, na kipimo kilekile kikaikataa.

Nasoma haya nikiwa na langu moyoni. Kwetu inasemekana babu wa babu yangu alifika Unguja akiwa na jina jingine, la bara, na kwamba lile tunalomjua nalo alipewa na aliyemnunua. Wengine nyumbani wanasema hapana, alilichagua mwenyewe baada ya amri ya 1897 iliyoondoa utumwa. Si jambo la ajabu pwani. Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alipozaliwa Fumba aliitwa Mtumwa. Alilivua jina hilo kama mtu anavyovua nguo chafu.

Je, nikipima nitapata nini? Nimebeba kama asilimia 6 tu ya vinasaba vya huyo babu, ila kromosomu Y yake ninayo kamili, maana ni baba kwa baba. Inaweza kunionyesha ndugu wa mbali, Malawi au Msumbiji, kama nao wamepima. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu waliojaza hazina za kampuni hizo wengi wana asili ya Ulaya. Tena kwetu jina la pili ni la baba, si la ukoo. Kila kizazi hulibadilisha. Hata nikimpata ndugu, jina lake halitaniambia babu aliitwaje.

Nilimweleza shangazi. Akaniuliza, “Ukishalijua, mwanangu, ndo utatuita watumwa?” Sikumjibu haraka. Ile hofu yake ni ileile iliyombeba Eston hadi Wisconsin, na ina haki yake. Ila hofu hiyo ndiyo iliyowafanya vitukuu vya Eston wasimjue Sally.

Jumapili nitaenda kwake na daftari. Nitamuuliza anachokumbuka, naye aseme atakacho na aache atakacho. Amepita miaka 80. Mate yangu yanaweza kungoja.